Zile nguzo 19 za Kalokol: nani alisema ni kalenda ya nyota?

Ukitoka Lodwar ukashika barabara ya Kalokol, kabla hujafika ziwani kuna mahali kando ya barabara utaona mawe meusi yamesimama kwenye changarawe, yako 19, marefu membamba, moja limeinamia huku lingine kule, na juu ya mengine watu wamepanga vijiwe vidogo. Waturkana wanakwambia hao walikuwa watu, walikuwa wanacheza ngoma, akaja mgeni wasiyemjua, wakaambiwa wasimcheke, wakamcheka, basi wakageuka mawe palepale walipokuwa wanacheza. Hiyo ni ya wenyeji. Ya mitandaoni ni nyingine kabisa, ukitafuta Namoratunga, ndo jina la hapo mahali, utaambiwa ni Stonehenge ya Afrika (Stonehenge ni yale mawe ya kale ya Uingereza), kalenda ya nyota ya miaka 2300, Wakushi wa kale walisimamisha hizo nguzo kufuatilia nyota saba. Inashirikiwa na kushirikiwa tena na kila anayeishirikisha anaongeza chumvi kidogo.

Sasa mimi sina shida na Waafrika wa kale kujua nyota, walizijua vizuri sana na tutafika huko. Shida yangu ni hizi nguzo. Kwasababu ukifuata hiyo stori kinyumenyume mpaka ilipoanzia unafika kwenye makala moja ya kurasa tatu, jarida la Science, mwaka 1978, waandishi B. M. Lynch na L. H. Robbins, na ukiisoma pole pole unaona imesimama kwa vitu vitatu: tarehe, orodha ya nyota na vipimo vya dira. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichotoka ndani ya ardhi ya Kalokol yenyewe kikiwa salama.

Tuanze na tarehe maana ndo inabeba kila kitu. Lynch na Robbins walikuwa wamefanya kazi sehemu mbili, wakaziita Namoratunga I na Namoratunga II. Ya kwanza iko Lokori, bonde la mto Kerio, huko kuna makaburi mengi yaliyozungushiwa mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima, na kwenye hayo mabamba kumechongwa alama zinazofanana sana na chapa wanazochoma wafugaji kwenye ng'ombe. Tarehe ya kama 300 KK ilitoka huko kwenye makaburi ya Lokori. Ya pili ndo hii ya Kalokol, mbali kaskazini, mawe ya aina nyingine na mpangilio mwingine. Wakasema kwa kuwa alama za kuchongwa zinafanana basi ni watu walewale na wakati uleule. Yani tarehe ya makaburi ya Lokori ikahamishwa ikavishwa nguzo za Kalokol. Jamani, alama inaweza kuchongwa kwenye jiwe leo hata kama jiwe lilisimamishwa enzi za babu wa babu yako, chapa ya ng'ombe haikwambii nani alisimamisha nguzo, inakwambia tu kuna mfugaji alipita hapo na kitu chenye ncha.

Kitu cha pili ni nyota. Hizi hawakuzitoa kwenye mawe, walizitoa kwa Waborana. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Asmarom Legesse alichapisha kitabu chake kuhusu Gada, mfumo wao wa marika, na ndani yake akaeleza kalenda ya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na hiyo kalenda bana ni kitu cha kukufanya ukae chini. Miezi 12 ya mwandamo, jumla siku 354 kama ile ya Kiislamu, ila haigawi wiki, ina majina 27 ya siku yanayozunguka tu. Wataalamu wake wanaitwa ayyantu. Wanaangalia mwezi ukiwa na nyota gani: kuna lami ambayo ni kundi dogo la Triangulum, kuna busan ambayo ndo Kilimia chetu, kuna bakkalcha ambayo ni Aldebaran, halafu Bellatrix, katikati ya Orion pamoja na Saiph (hizi mbili zina mwezi mmoja), na mwisho Sirius. Nusu ya kwanza ya mwaka unatajwa mwezi mchanga pamoja na hizo nyota moja baada ya nyingine, nusu ya pili unaangalia mwezi ukipita kwenye lami tu lakini kila mara ukiwa na umbo tofauti, mpevu, umepungua kidogo, nusu, mpaka unabaki kipande.

Hiyo nusu ya pili inafanya kazi kwa hesabu safi kabisa. Mwezi unarudi kwenye nyota ileile baada ya siku 27 na kidogo, lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, kwa hiyo kila ukirudi kwenye lami unakuwa mchanga zaidi kwa siku kama mbili na robo kuliko ulivyokuwa mara iliyopita. Ukijua umbo lake hapo unajua uko mwezi gani wa mwaka. Na ona pia hizo 27 za majina ya siku zimekaa karibu na 27 na kidogo za mwezi kurudi kwenye nyota. Kichwani, bila karatasi. Na hebu angalia katika maelezo yote hayo kuna macho, kuna mwezi, kuna nyota, kuna mzee mwenye kumbukumbu. Nguzo iko wapi? Hamna.

Basi wakachukua hizo nyota saba, wakarudisha anga hadi 300 KK, wakatafuta kama mstari kutoka nguzo moja hadi nyingine unaelekea pale nyota ilipokuwa inachomoza. Na wakapata. Hapa ndo watu wengi wanaposhika mdomo, ati ingewezekanaje mawe yaelekee nyota zote saba kwa bahati?

Inawezekana sana, na huhitaji kuwa profesa kuhesabu. Nguzo 19, chukua mbili mbili, unapata jozi 171. Kila jozi unaweza kuiangalia toka huku au toka kule, ni mielekeo 342. Duara zima ni digrii 360. Kwa hiyo wastani una mstari karibu kila digrii moja! Sasa hizo nyota saba kwa mwaka 300 KK zilikuwa zinachomoza ndani ya kipande cha upeo wa macho cha digrii 40 tu, kutoka kama digrii 23 kaskazini ya mashariki (Triangulum) hadi kama 17 kusini ya mashariki (Sirius), Kilimia kama 14 kaskazini, Bellatrix mashariki kabisa. Kwenye kipande hicho tu, hata mawe ukiyatupa ovyo unategemea mistari 38 hivi. Ukikubali kosa la digrii moja kila upande, kila nyota inapata mistari miwili bila mtu yeyote kukusudia. Ni kweli nguzo hazikutupwa ovyo, zimebanana sehemu ndogo, mistari mingine inarudiana na mingine huwezi kuitumia, lakini hesabu ya msingi haiondoki: swali la kuuliza ni mistari mingapi ilikuwepo ambayo haikupiga nyota yoyote ikaachwa, na hiyo ndo sehemu watu hawaisemi.

Na hilo kosa la digrii moja lenyewe ni la ukarimu. Nguzo mbili ziko mita 5 kutoka moja hadi nyingine, tuseme, na nguzo ina upana wa sentimita 30. Ukisimama nyuma ya moja ukaangalia nyingine, ule upana peke yake unafunika zaidi ya digrii 3 za upeo wa macho. Alafu zimeinama. Unapima kutoka wapi, kwenye shina au kwenye ncha? Kama imeinama kwa sababu waliijenga hivyo ni jibu moja, kama imeinama kwa sababu ya mvua na mbuzi na maelfu ya miaka ni jibu lingine, na kati ya hayo majibu mawili Kilimia na Aldebaran zinabadilishana viti.

Halafu dira. Hapa ndo kisa kinachekesha kidogo. Nguzo ni za basalti, jiwe la volkano, na basalti ina madini ya chuma yenye sumaku. Unaenda na dira yako unaiweka karibu na jiwe, sindano inavutwa. Haivutwi sawa kila mahali, nguzo hii inaivuta hivi na ile vile, kwa hiyo huwezi hata kusema nitaondoa digrii kadhaa kwenye vipimo vyote mambo yaishe. Mwanaakiolojia Robert Soper ndiye aliyelionyesha hili, akachapisha kwenye jarida la Azania mwaka 1982 baada ya kupima upya. Kumbuka makala ya Science ilikuwa imetoka miaka minne kabla, na dunia nzima ilishaisoma, ile ya Azania waliisoma wanaakiolojia na wake zao. Ndo maana mpaka leo unaipata ya kwanza kila mahali.

Mjadala haukufa hapo, na kwa haki lazima niseme upande wa pili ulikuwa na hoja. Laurance Doyle, mtaalamu wa nyota, mwaka 1986 alikuja na jambo ambalo mimi naliona ni zuri hata kama simuungi mkono mwisho wake. Aliangalia ile nusu ya kwanza ya kalenda kama Legesse alivyoiandika akaona haiwezekani kimahesabu. Mwezi mchanga wa mwezi huu na wa mwezi ujao haviko sehemu moja angani, unasogea kama digrii 29. Lakini kutoka Aldebaran, Bellatrix, Orion, Saiph mpaka Sirius, zote zimejaa ndani ya digrii 30 na ushee. Miezi minne huwezi kuipanga kwenye nafasi ya mwezi mmoja. Akasema basi labda mwezi "kuwa na nyota" maana yake ni mwezi kuchomoza sehemu ileile ya upeo wa macho ambapo nyota huchomoza, na ukitumia anga la 300 KK inakaa, na kama ni hivyo unahitaji alama za upeo wa macho, na ooh, si kuna nguzo Kalokol.

Na eneo lenyewe linamsaidia. Kalokol iko digrii 3 na nusu tu kaskazini ya ikweta. Ukienda Uingereza kwenye Stonehenge, latitudo 51, jua na nyota zinachomoza kwa kulala pembeni, kilima kikiinua upeo wa macho kwa digrii moja tu, pale zinapotokea panahama zaidi ya digrii moja, kwa hiyo kila kilima na kila mti ni tatizo lako. Turkana nyota inapanda karibu wima. Kilima hichohicho cha digrii moja kingekuhamishia mahali pa kuchomoza chini ya sehemu ya kumi ya digrii. Hata ile Triangulum ambayo ni hafifu, haionekani ikiwa chini kabisa kwenye vumbi, ukija kuiona ikiwa juu kidogo bado iko karibu juu ya palepale ilipochomokea. Kama kuna sehemu duniani ya kuweka alama za nyota ardhini basi ni huku kwetu karibu na ikweta.

Lakini sehemu kufaa sio ushahidi kwamba ilitumika. Clive Ruggles, mtaalamu wa akiolojia ya anga, alijibu mwaka 1987 akionyesha matatizo ya hoja ya Doyle, na 1988 mwanaanthropolojia Marco Bassi akachapisha ripoti yake kutoka uwandani, yeye alifanya kitu rahisi ambacho sijui kwanini kilichelewa hivyo: alienda kwa Waborana akauliza. Na alichokuta ni watu wanaoangalia mwezi ukiwa kando ya nyota angani, sio sehemu za kuchomoza kwenye upeo wa macho. Tatizo la hesabu aliloliona Doyle lilikuwa la kweli ila dawa yake haikuwa ya Waborana.

Kufikia hapo ungesema kisa kimebaki sare, wengine wanasema hivi wengine vile. Kilichokivunja ni majembe. Miaka ya 2000 kuendelea timu ya Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na wenzao walianza kuzishughulikia nguzo za magharibi mwa Turkana kama kundi, sio Kalokol peke yake. Mwaka 2011 walichapisha kuhusu saiti nne: Lothagam Kaskazini, Lothagam Magharibi, Manemanya na Kalokol. Ng'ambo ya ziwa kuna Jarigole, ilikuwa inajulikana tangu zamani. Na tarehe za hili kundi si 300 KK. Ni kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita, yani wakati ambapo ziwa lilikuwa linakauka, mvua zilikuwa zimekata, maji yameshuka makumi ya mita, na ng'ombe, mbuzi na kondoo ndo walikuwa wanaanza kuingia sehemu hizo. Vyombo vyake vya udongo ni vile vya mtindo wa Nderit, wa wafugaji wa mwanzo.

Lothagam Kaskazini ndo imechimbwa zaidi na matokeo yalitoka 2018. Kuna jukwaa la mawe la upana wa mita 30 hivi, nguzo ziko juu yake, na chini ya jukwaa walikuwa wamechimba mchanga wakatoa shimo kubwa wakalijaza wafu. Makadirio yao ni watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, na hakuna aliyetengwa kama mfalme, karibu kila mtu ana pambo lake. Kuna shanga za mawe ya rangi, kuna maganda ya mayai ya mbuni, meno ya kiboko, na kuna mmoja mimi huwa narudi kumsoma: alizikwa na kitu kichwani kilichotengenezwa kwa meno ya panya wa jangwani, meno zaidi ya 400, ambayo ni panya wasiopungua 113. Fikiria kazi hiyo. Panya mmoja ana meno ya mbele manne tu, mtu alikaa akakusanya, akayatoa moja moja, akayapanga. Na nguzo zenyewe, mengine ya mawe yaliletwa kutoka karibu kilomita moja. Hao walikuwa wafugaji wanaohamahama, hawana kijiji cha kudumu, na walirudi hapo vizazi kwa vizazi kwa miaka mamia.

Sasa rudi na hiyo tarehe kwenye nyota. Mhimili wa dunia unayumba taratibu kama pia inayozunguka, mzunguko mmoja kama miaka 26,000, kwa hiyo nyota zinahama mahali pa kuchomoza kadri karne zinavyopita. Kilimia leo kinachomoza kama digrii 24 kaskazini ya mashariki. 300 KK ni 14. Ukirudi miaka 5000 hadi 4000 iliyopita kilikuwa karibu na mashariki yenyewe, kati ya sifuri na digrii 5. Kwa hiyo mstari uliokuwa unapiga Kilimia kwa anga la 300 KK, kama nguzo zilisimamishwa enzi za Lothagam, mjenzi alikuwa anakosa kwa digrii 10 hivi, upana wa ngumi yako ukinyosha mkono. Ile kulingana vizuri iliyowashangaza watu 1978 ilikuwa ni kulingana na anga ambalo wajenzi hawakuwahi kuliona. Na kama mistari inalingana na anga lisilo lake vizuri hivyo, mimi kwangu hiyo ni ushahidi wa zile 342 kufanya kazi yake.

Kuna mtu ataniuliza sasa kwani kuwa makaburi kunazuia nguzo kuelekea nyota? Hapana, hakuzuii. Newgrange kule Ireland ni kaburi, na mwanga wa jua unaingia ndani asubuhi za siku fupi kuliko zote za mwaka, huwezi kubisha kwa sababu ni mlango mmoja na njia moja, hakuna 342 za kuchagua. Nachokataa ni utaratibu wa kuanza na orodha ya nyota kutoka kwenye kitabu cha watu wengine wa karne ya 20, ukaenda kutafuta mawe ya kuibeba. Na inaniudhi kidogo kwa sababu inawapunja wote wawili. Waborana wanaonekana kama hesabu yao inahitaji mawe ya Turkana ili iaminike, na waliozika watu 580 Lothagam hawatajwi kabisa kwenye stori maarufu kwa sababu makaburi hayana mvuto kama kalenda. Hata huku pwani wazee walikuwa wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hakuna aliyewahi kutafuta nguzo zake.

Kama kuna anayetaka kuifufua hoja ya anga, njia ipo na Waskoti walishaonyesha. Kule Aberdeenshire kuna makumi ya duara za mawe zenye jiwe moja kubwa lililolazwa, moja moja huwezi kusema kitu, lakini Ruggles alipozipima zote kwa pamoja ikaonekana hayo mawe yaliyolazwa yamekaa upande uleule wa kusini na kusini-magharibi, tena na tena, hiyo huwezi kuiita bahati. Turkana nako ni hivyo hivyo. Acha Kalokol peke yake. Pima Lothagam zote mbili, Manemanya, Jarigole na nyingine za mashariki ya ziwa, pima kwa setilaiti na jua sio kwa dira, chagua mwelekeo wa kuupima kabla hujaangalia anga, tumia anga la miaka 4500 iliyopita, na angalia vilevile vilima na ufukwe wa zamani wa ziwa kwa sababu mimi ningeweka dau langu kwenye maji kuliko kwenye nyota, watu ambao ziwa lao linakimbia kila kizazi wangekuwa na sababu ya kuligeukia. Mwelekeo mmoja ukijirudia kwenye saiti zote hizo, nitakuwa wa kwanza kuushirikisha.